Podo Lenye Staha

Kwenye wadi, yaani lile bonde kavu la mawe nyuma ya Ansab, hapa Maskati, ambako huwa tunakwenda kupiga mishale, kuna wanaume watu wazima, wenye ndevu zao na wajukuu wao, ambao wakiniona nashuka garini hawaanzi na salamu, wanaanza na, "Bi Asya, una kiberiti?" kisha wanacheka mpaka wanashika magoti, na mimi nacheka nao kwa sababu nisipocheka nitalia. Nina miaka hamsini na mbili, nimestaafu wizarani kwa heshima zangu, na sijawahi kutia sigara mdomoni (moja niliishika harusini Unguja nikiwa msichana, nikaambiwa naishika kama kalamu, nikamrudishia mwenyewe). Lakini kwa muda wa wiki tatu ukoo wangu wote wa Maskati, na nusu ya ule uliobaki Unguja, ulikuwa unajua kwa yakini kwamba mimi ni mvutaji, tena mvutaji wa kujificha, na aliyewaambia hivyo ni mimi mwenyewe kwa ulimi wangu. Aibu hiyo niliibeba kimya. Leo naisimulia kwa sababu mwenye siri amenipa ruhusa, na amesema nikichelewa ataisimulia yeye, na yeye akisimulia huongeza chumvi.

Mambo yote yalianza na podo, yaani kile chombo cha kutilia mishale. Mtu aliyenitia kwenye mishale ni kaka yangu Nassor, ambaye ndiye mkubwa wetu na ndiye kiongozi wa kikundi chao pale wadini. Aliniona nimestaafu, nakaa nyumbani Azaiba nanenepa na kugombana na televisheni, akaniambia njoo uvute upinde, bega lako litapona na ulimi wako utapumzika. Kuwinda wanyama wa kweli hatuwindi, ni marufuku, na mimi mwenyewe hata kuku akichinjwa hugeuza uso. Sisi tunawinda wanyama wa sponji. Nassor aliwaagiza kutoka nje, sanduku zima, na kila majira ya baridi anawatawanya wadini, huyu nyuma ya jiwe, yule chini ya mti, watu wanatembea kituo hadi kituo na pinde zao kama wawindaji kamili, na mwisho kuna wali wa nyama ya mbuzi wa kweli aliyenunuliwa sokoni.

Sasa katika lile sanduku, mnyama mkubwa kuliko wote, aliyetengenezwa vizuri kuliko wote, alikuwa nguruwe. Nassor alimtazama siku mbili. Kumtupa hawezi, kumweka mbele ya watu hawezi, basi akaniita gereji kwake, tukamfungia mlango, tukampaka rangi ya udongo na nyeupe, tukambandika pembe za gundi na ndevu za katani, na tulipomaliza akawa mbuzi wa jabali, mwenye pua pana kidogo. Siri hiyo tuliijua watu wawili tu, mimi na yeye, na kila mwaka watu wakimsifu yule mbuzi sisi tulikuwa tunatazamana chini chini.

Turudi kwenye podo. Katika matembezi hayo unapanda mawe na kushuka, kwa hiyo mishale lazima uitie mahali. Wanaume wengi wanafunga podo kiunoni. Mimi mwaka wa kwanza nikafunga kiunoni vilevile, juu ya abaya, nikawa napanda jiwe moja mbele ya watu, manyoya ya mishale yakaishika abaya kwa nyuma, mimi nikaenda juu na abaya ikaenda juu zaidi, nikasimama pale kileleni na suruali ya kulalia yenye maua niliyokuwa nimevaa ndani kwa ajili ya baridi (ya zambarau, kama mnataka kujua). Mwaka wa pili nikajaribu la mgongoni, nikainama kufunga kamba ya kiatu, mishale yote ikanimwagikia kichwani. Nassor akaniambia, kwa upole wa mtu aliyechoka, ninunue lile linalofungwa kwenye upinde wenyewe, mishale inakaa ubavuni mwa upinde na wala haikugusi nguo.

Duka la vitu hivyo liko hapo hapo Azaiba, na muuzaji ni kijana wa Kikenya, Ochieng', ambaye anajua pinde kuliko sisi tunaozipiga. Alinitandikia mapodo matatu juu ya meza na kunieleza kama daktari. La kwanza dogo, la mishale mitatu, wazi kabisa, lina vishikio viwili tu vya mpira na kikombe kifupi cha kukingia ncha. La pili la katikati. La tatu kubwa, la mishale mitano, lina kofia ndefu nyeusi inayomeza ncha zote na ndani ya kofia kuna sponji nene unayoichoma mishale, na lina kitasa kidogo, ukikibonyeza podo zima linachomoka kwenye upinde. Akanieleza kwamba podo likiwa zito upinde unalala upande mmoja, na kwamba vishikio lazima vilingane na unene wa mshale, na mishale yangu ni myembamba. Mwisho akaligonga lile kubwa kwa kidole.

"Madam, mimi nakushauri hii ndogo. Hii kubwa ni mzigo bure, na sponji yake inashika kila kitu. Kitu ikiingia hapo ndani, huwezi jua."

Nilikuwa nimeshakubali, wallahi. Mkono ulikuwa kwenye mkoba. Lakini mimi hata sufuria sinunui bila kumwonyesha Mama, basi nikapiga picha mapodo yote matatu, nikamtumia kwenye simu, na haikupita dakika moja sauti yake ikarudi, na mimi kwa ujinga wangu nikaifungulia pale pale dukani kwa sauti kubwa.

"Asya mwanangu, chukua hilo lenye kofia. Hayo mengine mishale iko uchi. Hilo lina staha."

Ochieng' alicheka mpaka akageukia ukutani, kisha akasema Mama akishasema yeye ni nani, akalifunga lile kubwa kwenye mfuko. Ndio uamuzi wenyewe huo. Yote yaliyonifika yametoka hapo.

Mama yangu ni Bi Zuwena, ana miaka themanini na kitu (kitu chenyewe hakitaji), na anakaa Ghubra kwenye nyumba yake, na msaidizi mmoja, na miasumini aliyoipanda mwenyewe, na majirani wanaoingia bila kubisha hodi. Alikuja kutoka Unguja akiwa mwanamke kijana, na katika vitu alivyokuja navyo kuna chetezo cha udongo, kimepasuka ukingo, ambacho kila Ijumaa, kila idi, kila harusi ya ukoo huu kimefukiza. Lakini mikono ya Mama imeanza kutetemeka. Mwaka mmoja kabla ya mkasa wangu kaa lilimponyoka likaunguza busati la sebuleni, tundu la ukubwa wa sahani, na Nassor alipokuja akakaa mbele yake, akamshika mikono, akamwambia kwa mapenzi lakini kwa amri kwamba makaa basi. Akamnunulia chetezo cha umeme, cha kuchomeka ukutani. Na akasema, ikitokea cheche moja tena, Mama atahamia kwake Ansab, chumba cha juu, kizuri, chenye choo chake ndani.

Mama akajibu, "Naam, mwanangu," na Mama akisema naam bila kubisha ujue pana jambo. Mimi aliniambia jikoni, akiosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Aliniambia kwamba kule Ansab atatunzwa, hilo analijua, lakini atakuwa mgeni anayekaribishwa kila asubuhi, na hapa Ghubra mlango anaufungua yeye. Akaniambia wakimtoa pale ni afadhali wamtoe roho. 

Basi siku ya matembezi, Jumamosi asubuhi, nikapita Ghubra kumwonyesha podo limeshafungwa kwenye upinde. Msaidizi wake alikuwa na mapumziko, Mama yuko peke yake, amevaa kanga mbili na miwani. Akalipapasa podo, akaingiza kidole kwenye kofia, akasema mashallah, kisha akasema kitu kipya hakitoki nyumbani bila ya kufukizwa. Nikamwambia sawa, nichomeke kile cha umeme. Mama akaenda jikoni, nikasikia mfuniko wa ndoo ya mchele, na baada ya muda akarudi na chetezo cha udongo mkononi, makaa yamewiva mekundu, kumbe alikuwa ameshayawasha kabla sijafika na chetezo alikuwa anakificha mcheleni mwaka mzima.

Nikamwambia Kaka Nassor amekataza.

"Nassor nimemzaa mie," akasema. "Na wewe nimekuzaa mie. Leo unakwenda kushindana na wanaume, nna haki ya kukutia udi kwa mkono wangu."

Mngefanya nini? Mimi nilisema haya. Akanifukiza abaya, akanifukiza mtandio, nikasikia raha kama siku ya idi nikiwa mdogo, halafu akataka podo, nikatoa mishale, nikaugeuza upinde juu chini ili mdomo wa kofia uangalie juu, naye akakisogeza chetezo karibu karibu na kuusukumia moshi ndani kwa kiganja. Mkono ulikuwa unatetemeka, ukingo wa chetezo ukigongana na mdomo wa kofia, tik tik tik. Hapo simu ikalia, Nassor anauliza niko wapi, wageni wameshafika, na mimi nikageukia dirishani kuongea naye. Nilipogeuka tena Mama alikuwa ameshakirudisha chetezo kifuani kwake.

"Tayari," akasema, haraka kidogo kuliko kawaida yake. "Tia mishale yako uende, usiweke watu."

Nikaichoma mishale mitano kwenye sponji, nikaikandamiza vizuri, nikambusu mkono, nikaondoka.

Sasa mtaniuliza, njia nzima kutoka Ghubra mpaka Ansab hukusikia harufu? Nilisikia. Gari zima linanuka udi, mimi nanuka udi, upinde unanuka udi, na mtu aliyetoka kufukizwa anatazamia kunuka nini? Nilifungua kioo kidogo, nikamshukuru Mama, nikaendelea na safari.

Kule wadini kulikuwa na watu kama thelathini, wanawake wanne tu pamoja na mimi, na Nassor alikuwa amealika kikundi cha wageni kutoka Suhar, watu wazito wazito, alitaka waone kwamba na sisi tuna mpango. Alivaa dishdasha, ile kanzu ya Kiomani, jeupe linalong'aa na chupa ya kahawa mkononi, anamimina vikombe mwenyewe. Kila niliyempita ananisifu, mashallah Bi Asya, udi gani huu, na mimi shingo inarefuka.

Kituo cha kwanza, paa. Nikavuta mshale kwenye podo, ukatoka kwa shida, na nchani umekuja na uzi mweusi mrefu unaonata, kama halwa inayotoka sufuriani. Nikajiambia ni gundi ya kiwandani imelegezwa na jua, ndiyo maana Ochieng' alisema nisafishe (hakusema hivyo, lakini mtu anayetaka kujiliwaza hukumbuka anavyotaka). Nikaufuta kwenye jiwe, nikapiga, mshale ukaenda unayumba ukaingia kichakani mbali na paa. Nikasema upepo. Upepo haukuwepo.

Kituo cha pili ndipo alipo mbuzi wetu. Yeye husimama bondeni, mpigaji anakaa juu ya mteremko na watu wote wanajipanga nyuma yake kutazama, kwa kuwa yule ndiye fahari ya matembezi. Nikasimama. Nyuma yangu alikuwa Ammi Khalfan, mkubwa wetu kwa umri pale, akaniambia kwa adabu kabisa, "Asya, udi wako huu mkali, mbona bado unatoka moshi?"

Nikatazama podo. Kweli, kwenye mdomo wa kofia moshi mwembamba unapanda. Nikaona bora nipige upesi niondoke pale, nikavuta mshale, haukutoka. Nikavuta kwa nguvu, sponji imeshayeyuka na kuikamata mishale yote pamoja, na katika kuhangaika kidole changu kikabonyeza kile kitasa, na podo zima likachomoka kwenye upinde, nikajikuta nimesimama mbele ya watu thelathini na kitu kinachofuka moshi mkononi, tone la moto likaniangukia kwenye mkono wa abaya, nikaruka, nikajipiga makofi mwenyewe, nikazunguka mara mbili, na podo nikalitupa bila kuangalia ninatupa wapi. Likashuka mteremko. Wadi ile ina mawe mengi ya kulizuia, lakini podo langu liliyakwepa yote likaenda kutulia chini ya tumbo la mbuzi.

Rangi tuliyompaka ilikuwa ya mafuta. Kwanza ndevu ziliondoka. Halafu rangi ikaanza kututumka na kuchubuka, gundi ikalegea, pembe ya kushoto ikaanguka, ya kulia ikaning'inia kidogo nayo ikaanguka. Nassor alikimbia bondeni na dishdasha lake, hana maji, ana chupa ya kahawa tu, akaimimina yote juu ya podo na juu ya mbuzi, moto ukazimika, na kahawa ikateremka na rangi yote ya usoni. Ikabaki pua. Nikamsikia mgeni mmoja wa Suhar akimuuliza mwenzake taratibu kama huyu si nguruwe huyu, na mwenzake akasema astaghfirullah, ndiye.

Kaka yangu alipanda mteremko polepole, podo mkononi linatiririka kahawa, na uso wake sikuwahi kuuona vile. Nikamwendea kabla hajafika kwa watu. Nikalichukua podo kama mtu anayetaka kulitazama, kofia ilikuwa imepasuka ubavuni, na ndani, katikati ya sponji iliyoungua, nikaona kipande cha kaa. Kidogo, kama kokwa ya tende. Mama makaa yake huyavunja hivyo, sawasawa, ili udi usiungue upesi, na mtu mwingine anayeyavunja hivyo sijamwona. Nikalikung'uta, kaa likaanguka, nikalikanyaga na kulisimamia.

Ammi Khalfan alishafika, akanusa, akatoa hukumu. Akasema hii ni sigara. Yeye mwenyewe zamani alipokuwa anamficha mkewe alikuwa anaitia mfukoni haijazimika vizuri, na ikamuunguza paja, na alama anayo. Watu wakaguna. Lakini Nassor hakumsikiliza, alikuwa ananitazama mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini, sauti ya nyumbani.

"Asya. Asubuhi ulipita kwa Mama?"

Nilikiona kile chumba cha juu cha Ansab, na choo chake ndani. Nilimwona Mama amekaa kitandani na mkoba wake magotini. Nikafungua mdomo, na kilichotoka sikukipanga.

"Navuta, Kaka. Sigara ndiyo iliyounguza. Niliificha humo."

Akaniuliza tangu lini. Nikasema tangu nistaafu. Akauliza ngapi kwa siku. Nikasema mbili, na Ammi Khalfan akasema kwa huzuni kwamba wanaosema mbili huvuta kumi.

Sitaki kuwachosha na yaliyofuata, lakini mjue kwamba sijafika barabara kuu simu ilikuwa imeshachachamaa. Shangazi yangu wa Unguja alinitumia sauti ya dakika nne, dakika mbili za mwisho ni kilio. Binamu ambaye hatusemezani tangu mambo ya kiwanja alinitumia picha ya pafu jeusi. Salma, mke wa Nassor, mwanamke mwema sana, alikuja na asali, na habasoda, na pakiti za zile chingamu za dawa za kuachia sigara, na akakaa mpaka nikaitafuna moja mbele yake. Mnazijua? Zinaunguza koo, zinaleta kwikwi, na mtu asiyevuta akizitafuna anasikia kizunguzungu. Nassor alinipigia kila alasiri kuniuliza leo nimevuta ngapi, na mimi, ili aone napata nafuu, nikawa namtajia hesabu inayoshuka, mbili, moja na nusu, moja, mpaka nikaanza kujionea fahari kwamba naiacha sigara. Ya nguruwe hakuyataja hata mara moja. Hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu aliaibika mbele ya wageni wake na bado akawa anashughulikia mapafu yangu.

Na Mama? Nilikwenda kwake kama kawaida, akanimiminia chai, hakuniuliza kitu. Alikuwa anakaa na mikono yake ameifunika kwenye kanga. Nilidhani habari haijamfikia. Nilishukuru.

Ijumaa ya tatu tulikuwa sote Ghubra kwa chakula cha mchana, mimi na Nassor na Salma na Mama, sufra imetandikwa juu ya busati lenye tundu. Tulipomaliza wali Nassor akaanza mawaidha. Aliongea vizuri, sikatai, aliongea juu ya afya kuwa amana, na juu ya marehemu baba yetu angesema nini, na hapo aliposema baba yetu mimi nilianza kulia, kwikwi za chingamu na kwikwi za kilio pamoja. Mama akainuka. Akaenda jikoni, tukasikia mfuniko wa ndoo ya mchele. Akarudi na chetezo cha udongo, baridi, kimejaa vumbi la mchele, akakiweka mbele ya Nassor kwenye sufra.

"Mwanangu havuti," akasema. "Kaa lilikuwa langu. Nililiona likianguka ndani, nikanyamaza."

Nassor akamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuogopa," Mama akamjibu. "Nilijua utanichukua. Basi nikamwacha mtoto wangu aende na moto, na aibu yangu akaivaa yeye, na mimi nakaa hapa nakunywa chai. Wiki tatu silali. Nichukue ukitaka, lakini huyu mwache."

Kaka yangu nimemwona akilia mara moja tu, siku tulipomzika baba. Hii ikawa ya pili. Alikigeuza geuza kile chetezo mkononi, akaufuta ule ukingo uliopasuka kwa kidole, kisha akanigeukia, macho mekundu, akaniuliza kama hata moja sijavuta. Nikamwambia Kaka, hata kuishika sijui. Aliyeanza kucheka ni Salma, akafuata Mama, na Nassor mwisho, na alipocheka ndipo na yeye akakumbuka nguruwe, akasema pembe ya kushoto angeifunga kwa skrubu lile lisingetokea.

Hakumchukua. Alitoka uani, akapima mahali penye vigae, mbali na mazulia, akaweka meza ndogo ya chuma, na akasema moto utawashwa hapo na mmoja wetu, si Mama, lakini kufukiza atafukiza Mama, na mwingine atashika sinia chini. Mama akataka kujua kile cha umeme akifanye nini. Akaambiwa ampe jirani.

Podo nimenunua jingine, lile dogo lililo wazi, na Ochieng' aliniuliza tu kama leo nimepata ruhusa ya Mama. Mama ameliona. Anasema mishale bado iko uchi, na amejitolea kuishonea kifuniko cha kanga, na nimemwambia asijisumbue. Kwa wale wanaotaka ushauri wangu wa mapodo, huo ndio: msikilizeni muuzaji. Lakini si hilo ninalojilaumu nalo. Ile simu ya Nassor, siku ile, ningeweza kuiacha ilie. Niliichukua na nikageukia dirishani kwa sababu sikutaka kuitazama mikono ya Mama inavyotetemeka; nilisikia zile tik tik tik, nikageuza uso kama ninavyogeuza kwa kuku, na kaa lilianguka wakati huo. Angekuwa na mtu wa kumtazama asingekuwa na la kuficha.

Nimeapa sitageuza uso tena. Kila Ijumaa nakwenda Ghubra mapema, nawasha makaa uani, nashika sinia chini ya chetezo na naitazama mikono yake mpaka amalize. Wale wa wadini hawajui haya yote, watayasoma hapa kama wanasoma, na nadhani hata wakisoma hawataacha mzaha wao. Waendelee. Siku hizi wakiniuliza kama nina kiberiti, nafungua mkoba nawapa, kwa sababu ninacho.